Askari Naye ni Mfanyakazi

Mara nyingi upungufu wa askari polisi unapozungumzwa nchini mwetu, iwe bungeni au barazani, hutajwa hesabu ya jumla: askari wangapi kwa wananchi wangapi. Hesabu hiyo ina maana yake, lakini haimjibu mwananchi swali lake kubwa. Akifika kituoni saa nane ya usiku, atamkuta nani? Na huyo atakayemkuta, yu macho tangu lini? Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa upande wa zamu, kwani huko ndiko upungufu unakouma.

Na tuanze na hesabu ambayo kila mfanyakazi wa zamu ataitambua. Juma lina saa 168. Meza ya mapokezi ya kituo cha polisi haijui Jumapili wala Idi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za mfanyakazi kuwa zisizidi 45 kwa juma. Basi kiti kimoja tu cha meza hiyo chahitaji watu wanne, kila mmoja akifanya saa 42. Hapo hatujamhesabu aliye likizo, aliye mgonjwa, aliye mafunzoni, wala aliyeitwa mahakamani kutoa ushahidi. Ukiwahesabu hao, yakubidi uwe na mtu wa tano. Watano kwa kiti kimoja! Na kituo si kiti kimoja: kuna mlinzi wa mahabusu, kuna mtunza silaha, kuna dereva, kuna watu wa doria, kuna wapelelezi.

Mkuu wa kituo asipokuwa na hao watano afanyeje? Kufunga mlango hawezi. Huziacha zamu tatu za saa nane, akashika mbili za saa kumi na mbili. Kiti kikishikwa na watu watatu, kila mmoja atafanya saa 56 kwa juma; kikishikwa na wawili, saa 84. Katika karatasi zamu zimejaa na kituo ki wazi. Lakini pengo halikuzibwa. Limetolewa katika orodha ya zamu likawekwa katika usingizi wa askari. Na huyo aliyekesha akiitwa mahakamani asubuhi, siku yake ya mapumziko imekwisha kabla haijaanza.

Wako watakaosema kwamba askari ni mtu wa kiapo, na kwamba jeshi si kiwanda. Ni kweli. Kukitokea mafuriko, moto au ghasia, hatutazamii askari atazame saa yake kisha aende nyumbani. Lakini dharura ni dharura kwa sababu ina mwisho. Jambo linalofanyika kila juma, mwaka hata mwaka, haliitwi dharura tena; hilo limekuwa desturi, na desturi mbaya. Kiapo hakimpi mtu mwili wa chuma. Mwaka 2011 taasisi ya Police Foundation ya Marekani ilitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa polisi wa miji ya Detroit na Arlington. Waliofanya zamu za saa kumi walipata usingizi mwingi zaidi kuliko wenzao wa saa nane, na wale wa saa kumi na mbili walionekana kusinzia zaidi na kupungukiwa na wepesi wa akili kazini. Mwili wa askari wa Detroit na mwili wa askari wa Dodoma ni mwili mmoja.

Anayeumia si askari peke yake. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humpa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu alipokamatwa, isipokuwa zimeongezwa kwa mujibu wa sheria. Sheria yataka pia mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe. Dhamana ya polisi ni haki isiyongoja kupambazuke. Haki zote hizi zimeandikwa vizuri, lakini hazitembei zenyewe. Zahitaji mtu aliye macho wa kuandika maelezo, wa kupekua, wa kusikiliza wadhamini. Zamu ya usiku isiyo na askari wa kike, au yenye askari mmoja aliyechoka, huigeuza haki ya mwananchi kuwa maneno ya ukutani.

Chanzo cha upungufu huu hakifichiki. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Watu wamekuwa mara tano. Tena ramani imegawanywa: mwaka 2012 tulipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 mkoa wa Songwe. Kila mkoa hutaka kamanda wake, kila wilaya mkuu wake, na kila mkuu ofisi yenye watu. Wananchi walifurahia kusogezewa huduma, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kituo kipya kikifunguliwa kwa askari waliopunguzwa katika kituo cha zamani, tumepata majengo mawili na usingizi nusu.

Wengine husema, sungusungu wapo. Twawaheshimu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Usukuma na Unyamwezi walipojipanga kuwakabili wezi wa ng'ombe, nchi imejifunza mengi kwao, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini sungusungu ni mkulima aliyeshinda shambani mchana kutwa. Hamhoji mtuhumiwa kwa mujibu wa sheria wala hatoi dhamana. Yeye ni msaada wa zamu, si badala yake.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Sheria ile ya mwaka 2004 humhakikishia mfanyakazi saa kumi na mbili za kupumzika kati ya siku na siku ya kazi, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Humpa pia haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Askari polisi ametajwa humo, lakini ametajwa miongoni mwa wale ambao sheria hiyo haiwahusu. Na Katiba yamkataza kujiunga na chama cha siasa. Hatubishani na makatazo hayo. Yana sababu zake. Twasema hivi tu: mtu aliyezuiwa kujisemea katika chama cha wafanyakazi na katika chama cha siasa, yawapasa walio katika vyama hivyo wamsemee. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiuone mwepesi kwa kuwa haututui sisi mabegani.

Tunalolitaka si kubwa. Kwanza, pasifunguliwe kituo wala wilaya mpya ya polisi bila ya kuhesabu viti vitakavyokaliwa usiku na mchana, na kila kiti kuandikiwa watu watano. Pili, kazi za karani zifanywe na makarani, askari warudi zamu. Na viongozi, wa Serikali na wa Chama, wasiwaite askari kupamba shughuli zisizo na hatari. Tatu, saa za kupumzika baada ya kukesha ziwe kanuni inayosimamiwa, zisiwe hisani ya mkuu wa kituo, na siku ya mahakamani ihesabiwe kuwa siku ya kazi.

Twamtaka askari awe mwaminifu, mpole na mwepesi wa kufikiri. Tuna haki ya kumtaka hayo yote. Basi tumpe kwanza nafasi ya kulala.