NENO LA CHUMBANI NA MALI YA TAJIRI



Je, ni haki tajiri apokonywe mali yake kwa maneno aliyoyasema faraghani? Wanaouliza hivyo hutaja habari ya Donald Sterling wa Los Angeles, huko Marekani, nasi twataka kuitazama kwa macho ya wafanya kazi.

Sterling alinunua timu ya mpira wa kikapu, Clippers, mwaka 1981 kwa dola milioni 12.5. Mwezi wa Aprili 2014 ikatangazwa sauti yake, iliyonaswa akiongea na rafiki yake mwanamke, akimkataza asilete watu weusi kwenye michezo yake. Na wachezaji wake wengi walikuwa weusi! Tarehe 27 waliingia uwanjani kujinyoosha wakiwa wamegeuza fulana zao, jina la timu lisionekane. Chama cha wachezaji kikasema watu wako tayari kugoma. Tarehe 29 mkuu wa ligi, Adam Silver, akampiga Sterling marufuku maisha yake yote, akamtoza faini ya dola milioni 2.5, akawataka wenye timu wengine wamlazimishe kuuza.

Sisi hatumlilii. Hakuna aliyeichukua timu yake bure: kabla kura haijapigwa mkewe aliiuza kwa dola bilioni 2. Tena kila mwenye timu huingia katika ligi kwa kukubali katiba yake, kama vile sisi tulivyokubali ya chama chetu.

Lakini kuna jambo linalotuudhi zaidi. Mwaka 2006 Serikali ya Marekani ilimshitaki Sterling kwamba aliwabagua watu weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wenye watoto, katika kupangisha nyumba zake. Alikana, ila mwaka 2009 alikubali kulipa dola zaidi ya milioni 2.7 kumaliza kesi. Ligi ilikaa kimya. Mashitaka ya kuwanyima watu nyumba hayakuwashtua wakubwa. Walishtuka wachezaji walipotaka kuweka mpira chini.

Kwa hiyo twasema wazi: neno la chumbani peke yake lisimwondolee mtu mali. Hatusemi hivi kwa kuwapenda matajiri. Mashine ya kunasa sauti ikikubaliwa kuwa shahidi wa kutosha, itawekwa kwanza katika vyumba vyetu vya kulia chakula. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, kumtukana tajiri kwatosha mfanya kazi kufukuzwa mara moja. Kifungu cha 41 chataka asikizwe kwanza, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, lakini wangapi wanalijua hilo? Na yeye hatoki na bilioni mbili mfukoni.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo chakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini na jinsia kazini. Basi ndugu, ukiona tajiri anabagua, usituletee alichonong'ona mezani kwake. Tuletee tarehe, majina ya walionyimwa cheo, na hati za mishahara ya watu wa kazi moja wanaolipwa mbalimbali. Mpe karani wa tawi lako kabla ya mkutano ujao wa kamati.