Kovu dogo lisiwe swali la kwanza (Sehemu ya 4)

Tunaendelea na uvimbe kwa watoto. Leo ni zamu ya kongosho.

Mama mmoja kaniandikia inbox: "Dada nesi, binti yangu ana uvimbe kwenye kongosho. Daktari anataka kumfungua tumbo. Nasikia kuna upasuaji wa matundu. Nisubiri nichangishe hela nimpeleke huko? Kovu kubwa kwa mtoto wa kike jamani!"

Namwelewa kabisa. Ila msimamo wangu ni huu: usiahirishe upasuaji salama kwa ajili ya kufukuzia kovu dogo.

Uvimbe wa kongosho kwa watoto ni nadra. Unaowapata zaidi mabinti wanaovunja ungo huitwa uvimbe wa Frantz, kwa jina la Dkt. Virginia Frantz aliyeuelezea mwaka 1959. Habari njema: kwa kawaida hukua polepole, na ukitolewa WOTE, wengi sana wanapona. Shikilia hilo neno "wote".

Matundu ni njia nzuri: maumivu kidogo, mtoto anarudi nyumbani mapema. Inafaa hasa uvimbe ukiwa mdogo, uko mkiani mwa kongosho, mbali na mishipa mikubwa ya damu. Ukiwa mkubwa, au uko kichwani mwa kongosho penye mrija wa nyongo, mara nyingi kufungua ndiyo salama zaidi. Uvimbe ukipasukia tumboni, mbegu zake zinaweza kumwagika na kuota upya.

Na ukisikia "wa matundu wanapona haraka", kumbuka kwamba mara nyingi ndio waliochaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa mdogo. Kidonda cha nje ni kidogo, lakini ndani kongosho limekatwa vilevile. Juisi yake inaweza kuvuja kwa njia zote mbili.

Muulize daktari haya:

1. Uvimbe uko sehemu gani? Umegusa mishipa?
2. Wewe una uzoefu zaidi na njia ipi?
3. Bandama itabaki? Ikitolewa, mtoto anahitaji chanjo maalumu, na kila homa kwake ni ya kukimbilia hospitali, hasa kwetu kwenye malaria.
4. Mkianza na matundu ikawa ngumu, mtafungua? Jibu liwe ndiyo. Kufungua katikati ya kazi si kufeli, ni busara.

Muda wa kumwona daktari wa pili upo. Muda wa kupotea mwaka mzima na mtoto haupo.

Wangapi kati yetu tuna kovu la kujifungua kwa upasuaji? Tulipozinduka tuliuliza mtoto yuko wapi, mzima? Kovu tulilitazama baadaye. Basi na kwa binti yako, anza na swali lile lile.

Sehemu ya 5: mtoto katoka thieta, anaanza kula lini? Weka maswali yako hapo chini.