Virusi vya Elgon vimo mtandaoni, nani wa Bungoma atavisoma?

Leo naacha habari za simu na programu za ofisini. Nataka kuzungumza na kijana wa Kitale au Bungoma anayesomea baiolojia na anayetamani kuchunguza magonjwa ya wanyamapori. Ushauri wangu ni mfupi: jifunze kuandika programu, na uanze sasa.

Sababu iko karibu na nyumbani. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alitembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, lile ambalo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi. Aliugua homa ya Marburg, akafia Nairobi. Daktari aliyemtibu, Shem Musoke, akaambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 kijana kutoka Denmark alitembelea pango hilo hilo, naye akaugua Marburg na kufariki. Kisha mwaka 2007 watafiti walinasa popo wa matunda pale Kitum, na mmoja akakutwa na virusi. Matokeo yalichapishwa 2010. Waandishi walikuwa 9, wengi wao wa CDC ya Marekani. Kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya alikuwemo Bernard Agwanda.

Siwalaumu wageni, walifanya kazi nzuri. Ninachouliza ni mbona majirani wa pango ni wachache hivyo katika kazi hii.

Sasa basi, jenomu ni kitu gani machoni pa mwandishi wa programu? Ni faili! Jenomu ya Marburg ina herufi kama 19,000, na aina za herufi ni 4 tu. Disketi moja ya zamani ingebeba nakala zaidi ya 70. Jenomu ya popo mwenyewe ina herufi karibu bilioni 2. Hapo macho hushindwa, inabaki kompyuta.

Na faili zenyewe ni za bure. Ingia GenBank, hazina ya Marekani iliyo wazi kwa kila mtu. Virusi vilivyotoka kwa Dkt. Musoke vimo, vikiwa na jina la Mlima Elgon. Vya 1987 vimo pia, vikiwa na jina la pango la Kitum. Pakua zote mbili, zipange sambamba, kisha andika programu ndogo ya Python ihesabu herufi zinazotofautiana. Utakuta karibu herufi 1 katika kila 5 si sawa. Miaka 7 haitoshi kuleta tofauti kubwa hivyo. Maana yake ni kwamba hizi ni koo mbili zilizoachana zamani sana. Umegundua hilo ukiwa umekaa kwenye saiba ya Kitale.

Najua mtaniambia kuwa kushika popo kunahitaji kibali na mavazi ya kujikinga, na kwamba Marburg hai haichezewi katika maabara ya chuo. Kweli kabisa. Lakini anayejua kukusanya sampuli tu atabaki kujaza vichupa, na wengine ndio watakaosoma kilichomo.

Tena Kitale si mgeni katika mambo ya urithi wa viumbe. Mahindi chotara 611, yaliyotolewa 1964, yalizaliwa pale kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na ya Ecuador. Na Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, ambacho kinafundisha sayansi na kompyuta pia. Walimu wa pande hizo mbili waketi pamoja, na zoezi hili la Marburg liwe kazi ya muhula wa kwanza kwa kila mwanafunzi wa baiolojia. Gharama yake ni umeme na bando.

Kama wewe ni mwalimu, unangoja nini? Na wewe mwanafunzi, usimngoje mwalimu. Mnaonaje, wenzangu?