SALA KATIKA MIKUTANO YA SERIKALI



Hapa Mombasa mikutano ya serikali hufunguliwa kwa sala. Mara nyingi Mwislamu huombwa asome dua, kisha Mkristo naye aombe, ndipo kazi ianze. Sisi hatupingi sala. Wengi wetu hatuingii zamu bila kumtaja Mungu. Lakini twauliza: je, yafaa serikali iwe ndiyo ya kutusalisha?

Wanaokubali husema kwamba wimbo wa taifa wenyewe ni sala, na utangulizi wa Katiba ya 2010 wamtaja Mwenyezi Mungu. Ni kweli. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 8, yasema hakuna dini ya Serikali, na kifungu cha 32 chakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake.

Tazameni kisiwa chetu. Msikiti wa Mandhry uko Mji wa Kale, kanisa kuu la Roho Mtakatifu liko barabara ya Nkrumah, hekalu la Swaminarayan liko barabara ya Haile Selassie. Wako pia wafuatao mila za kaya, na wako wasio na dini. Wote hulipa kodi. Zikisomwa dua mbili tu, wengine wamesahauliwa. Na yule asiyesimama wakati wa dua hutazamwa vibaya. Akiinua mkono baadaye kuuliza habari za maji au takataka, nani atamsikiliza vema? Hapo ndipo haki ya mtu hupotea.

Tena, kiongozi akiisha kuitikia "Amina" kwa sauti kubwa, watu huona haya kumwuliza maswali makali. Sala ni njema, lakini haiwezi kushika mahali pa hesabu ya fedha za umma.

Januari 1947 wafanya kazi wa bandari na wa reli wa mji huu waligoma pamoja. Walikuwamo Waislamu na Wakristo. Walichodai kilikuwa kimoja, mshahara wa kutosha.

Shauri letu ni hili: mkutano ufunguliwe kwa dakika moja ya kimya, kila mtu aombe moyoni mwake, na asiyetaka asiombe. Kisha hesabu isomwe na wananchi waulize. Na sisi tuanze hivyo katika mikutano ya chama chetu, ili tusidai kwa wengine tusilolifanya wenyewe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini baraza ni la wote.