Springi za Nyuma Zinapochoka

Bila shaka umewahi kuliona lori lililopakiwa kupita kiasi: mkia umeinama, pua imetazama juu. Likishushwa mzigo huinuka tena. Lakini liko gari linaloinama vivyo hivyo hali ni tupu. Hilo limechoka springi.

Mfano wake ni MGB, gari dogo la fahari lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980. Yaliundwa zaidi ya 500,000, na wengi wanaoyamiliki huyatengeneza wenyewe siku za mapumziko. Nyuma yana springi mbili za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, sawa na za lori.

Chuma hicho, kwa kubeba uzito miaka mingi, hupoteza upinde wake. Mwenye gari hatambui, kwa kuwa huliona kila siku. Baadaye, kila penye shimo, ekseli hupanda na kugonga mpira uliowekwa kuilinda bodi. Mwishowe bamba kuu laweza kukatika na ekseli ikahama mahali pake, gari likiwa mwendoni.

Basi usikisie, pima. Egesha gari tupu mahali tambarare, kisha pima toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto, ulinganishe na kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Ukikuta limeshuka, jihadhari na njia za mkato. Kuongeza bamba moja huinua gari, lakini hulifanya gumu na kuyaacha mabamba yaliyochoka palepale. Kuchoma springi kwa moto wa gesi ni kosa kubwa zaidi, maana huua ugumu wa chuma. Mhunzi wa springi hasa huyatenganisha mabamba, huyapasha moto katika tanuri, huyakunja upya, huyazimisha katika mafuta, kisha huyapasha tena kwa kiasi ili yasiwe mepesi kuvunjika.

Ukiamua kununua mpya, taja mwaka wa gari. Mwishoni mwa 1974 MGB iliinuliwa ili bampa zake zilingane na sheria ya Marekani. Kwa hiyo springi za kabla na za baada hazifanani. Nazo hubadilishwa zote mbili pamoja, pamoja na bushi zake za mpira. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakati wa kazi, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo. Simamisha bodi juu ya stendi imara, na ekseli uishikilie kwa jeki ya pili. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake: springi hununuliwa dukani, baba wa watoto hanunuliwi. Bolti ya mbele aghalabu hushikwa na kutu. Itie mafuta tangu jana yake. Nayo usiikaze ya mwisho mpaka gari limesimama kwa magurudumu yake, ama sivyo bushi itajipinda na kuchanika mapema.

Baada ya safari chache kaza tena nati, kisha pima upya, kwani springi mpya hujikalisha kidogo. Andika kipimo hicho na ukiweke. Mwakani hutahitaji kubahatisha. Utakuwa na ushahidi wa kukuonya mapema, kabla chuma hakijakuonya barabarani.