Usiuze shamba kwa ajili ya viza



Mwezi huu tunajibu barua ya mzee mmoja wa Wilaya ya Pangani. Binti yake ni muuguzi. Tangu mwaka 2022 anafanya kazi hospitalini huko Maskati, Oman. Sasa amekubaliwa kazi katika hospitali moja ya Uingereza.

Mzee anaandika kwamba mtu mmoja amefika nyumbani kwake na kumweleza mambo mawili. La kwanza, binti hana budi kurudi Tanzania kuomba viza, kwa sababu pasi yake ni ya Tanzania. La pili, iko karatasi ya udhamini inayouzwa, na mtu huyo anaweza kuipata akipewa fedha. Mzee anauliza: je, auze shamba lake la minazi?

Mzee wetu, usiuze. Tuyatazame mambo hayo moja moja.

Viza huombwa wapi?

Uingereza haimlazimishi mtu kurudi katika nchi yake ili aombe viza ya kazi. Anaweza kuomba katika nchi anamoishi, ikiwa anaishi humo kwa kibali halali. Mtu aliyefika kwa matembezi ya wiki chache hahesabiwi kuwa anaishi hapo. Lakini binti yako anafanya kazi na ana kibali. Basi aombe huko huko Maskati. Atajaza fomu kwa intaneti. Kisha atakwenda kituo cha maombi ya viza mjini humo kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Jambo moja alitazame sana. Kibali chake cha kukaa Oman kimefungamana na kazi yake. Akiacha kazi mapema, kibali nacho kitakwisha, naye atakuwa hana mahali pa kuombea. Kwa hiyo asiache kazi kabla ya kupata viza. Atazame pia tarehe ya mwisho ya kibali na ya pasi.

Je, udhamini unanunuliwa?

Haununuliwi. Mwajiri wa Uingereza anayetaka mfanyakazi kutoka nje lazima awe na leseni ya serikali yake. Majina ya waajiri wenye leseni yametangazwa, na kila mtu anaweza kuyasoma kwa intaneti. Mwajiri huyo ndiye anayetoa cheti cha udhamini. Na cheti hicho si karatasi. Ni maelezo yaliyowekwa katika kompyuta ya serikali, yenye namba yake. Mwajiri humpa mwombaji namba hiyo, naye huiandika katika fomu. Anatakiwa kuomba viza kabla miezi 3 haijapita tangu cheti kitolewe.

Ada ya cheti hulipwa na mwajiri. Kwa vyeti vya kazi za ujuzi vilivyotolewa tangu tarehe 31 Desemba 2024, mwajiri amekatazwa kumdai mfanyakazi ada hiyo. Basi mtu anayekuja kijijini kuuza karatasi yenye mhuri anauza nini? Anauza uongo. Tena hasara si ya fedha tu. Mtu akipatikana ametumia hati ya uongo, anaweza kufungiwa viza za Uingereza kwa miaka 10.

Yako mambo mengine mawili ya kujua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Tanzania ni mojawapo. Kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja hapa kuwatafuta wauguzi wetu. Muuguzi mwenyewe akiomba kazi moja kwa moja, hakatazwi. Jambo la pili, tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kutoa viza mpya kwa watu wa nje wanaokwenda kuhudumia wazee majumbani. Anayewaahidi vijana wetu viza hiyo anawadanganya.

Binti atayarishe nini?

Kwanza, cheti cha polisi. Mtu anayekwenda kufanya kazi ya afya lazima aonyeshe kwamba hana rekodi ya uhalifu. Cheti kinatakiwa kwa kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi. Hapa ndipo wengi wanaoishi ugenini wanapokwama. Binti yako anahitaji vyeti viwili, cha Oman na cha Tanzania. Cha Tanzania aanze kukitafuta mapema. Aulize ubalozi wetu ulioko Maskati namna ya kuchukuliwa alama za vidole.

Pili, kipimo cha kifua kikuu. Wanaoishi Tanzania hutakiwa kupimwa kabla ya kuomba. Oman haimo katika orodha ya nchi hizo. Kwa kuwa ameishi Oman zaidi ya miezi 6, hatadaiwa kipimo hicho akiomba kutoka huko.

Tatu, Kiingereza. Kama amefaulu mtihani wa Kiingereza uliokubaliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, hatadaiwa mwingine.

Nne, fedha za kuanzia maisha. Anatakiwa awe na pauni 1,270 katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Lakini mwajiri akiandika katika cheti cha udhamini kwamba atamtunza mwezi wa kwanza, fedha hizo hazitakiwi. Amwulize mwajiri kabla hajakopa kwa mtu.

Tano, hati zilizoandikwa kwa Kiarabu au Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa.

Akiisha kupeleka kila kitu, kwa kawaida jibu hutoka katika wiki 3.

Mzee wetu, wewe pia una kazi ya kufanya. Tafuta vyeti vya shule na vya chuo ambavyo binti ameviacha nyumbani. Vifunge vizuri, visiliwe na mchwa. Mwambie akutajie namba ya leseni ya hospitali hiyo, au mwombe kijana anayejua intaneti alitafute jina lake katika orodha. Na yule mtu akirudi, mwulize mbele ya mwenyekiti wa kijiji: mwajiri ni nani, na kwa nini mwajiri hakumpa binti yangu namba yeye mwenyewe? Sikilizeni atajibu nini.

Wasomaji mlio katika vikundi vya kisomo, jadilini haya:

1. Kwa nini binti huyu hahitaji kurudi nyumbani kuomba viza?
2. Ni nani anayelipa ada ya cheti cha udhamini?
3. Je, katika kijiji chenu yuko mtu aliyeuza mali yake kwa ahadi ya safari? Ilikuwaje?