Leza Ikififia, Usimpe Mtoto

Juzi nilikuwa kwa shangazi. Binamu yangu mkubwa ako na leza ya kijani, ile ya soo mbili ya kuuziwa kando ya barabara. Betri zilikuwa zinakufa, nukta kwa ukuta unaiona kwa shida. Akaitupia mdogo wake wa miaka saba: "Chukua, imeisha hiyo. Haina noma."

Mtoto alifanya kile mtoto yeyote angefanya. Aliigeuza, akachungulia ndani aone taa imeenda wapi.

Nilimnyang'anya mbio, nyumba nzima ikanigeukia. "Wacha kutesa mtoto, si betri zimeisha?"

Basi jibu langu ndilo hili, na nyinyi mnaofikiria kama binamu mkae nalo: mwanga hafifu hauna maana kwamba leza ni salama. Na kwa leza ya kijani, mara nyingine huo uhafifu ndio mtego wenyewe.

Ndani ya hiyo kalamu kuna betri, dayodi ya kutoa mwanga, na katikati saketi ndogo inayoitwa draiva. Kazi ya draiva ni kuipa dayodi mkondo ule ule wa umeme, betri zikiwa mpya au zikiwa nusu. Draiva ya maana, betri zikishuka sana, inaweza kukata kabisa. Hapo hata mimi ningesema imeisha.

Lakini hizi za bei ya kutupa? Kuna zile ukifungua unapata rezista moja pekee, basi. Piga hesabu na mimi. Betri tatu ndogo za duara zikiwa mpya ni volti 4.5. Dayodi nyekundu inachukua kama volti 2.2. Zile 2.3 zinazobaki ndizo zinasukuma mkondo kwa rezista. Betri zikishuka hadi 3.6, kinachobaki ni 1.4. Betri imepoteza asilimia 20, mkondo umepoteza karibu 40. Ndiyo maana nukta inafifia haraka hivyo.

Nyekundu angalau ni mkweli. Unachokiona ndicho kinachotoka. Kijani sivyo.

Leza nyingi za kijani za bei rahisi hazitoi kijani moja kwa moja. Dayodi yake inatoa infraredi ya nanomita 808, mwanga ambao jicho halioni, kama ule wa rimoti ya TV. Huo unaingia kwa fuwele ndogo, unatoka ukiwa infraredi nyingine ya nanomita 1064. Fuwele ya pili ndiyo inageuza hiyo kuwa kijani ya 532. Sasa shika hapa: hatua ya mwisho inategemea sana nguvu. Infraredi ikishuka nusu, kijani inaweza kushuka hadi robo. Betri zikilegea, kijani inapotea kwanza na infraredi inabaki nyuma. Kama kiwanda kiliweka kichujio cha kuizuia, sawa. Kama kilibania hizo shilingi, inatoka mbele pamoja na kijani na wewe huoni kitu.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walipima leza ya kijani ya dola 15. Kijani yake ilikuwa hafifu, lakini infraredi ilikaribia miliwati 20. Hiyo haikuwa shida ya betri. Ilikuwa utengenezaji mbovu na kichujio kukosekana. Lakini somo ni lile lile: uhafifu wa kijani haukuambii chochote kuhusu kile usichokiona.

Najua mtu ataniambia, "Jicho si litafunga lenyewe?" Litafunga kwa mwanga linaouona. Leza za kiwango cha 2, zisizozidi miliwati 1, zinahesabiwa salama kwa sababu unapepesa ndani ya karibu robo sekunde. Infraredi haimpepesi mtu. Mtoto anaweza kuikodolea macho akitafuta taa, na lenzi ya jicho lake inaikusanya yote kwa nukta moja kwenye retina. Retina ikiungua haioti tena.

Halafu kuna mafundi wa mtaa. Leza imefifia, wanatoa betri mbili za volti 3 kwa jumla, wanaweka moja ya kuchaji ambayo ikijaa inafika 4.2. Kwa leza nyekundu yenye rezista pekee, kilichokuwa kinabaki ni 0.8, sasa ni 2.0. Mkondo unaruka mara mbili na nusu. Ama dayodi inakufa papo hapo, ama kwa muda uko na leza yenye nguvu kuliko ile iliyoandikwa kwa stika, na unaielekezea dereva wa matatu usiku ndio mabeshte wacheke. Hapo hujatengeneza leza. Umeondoa breki ya mwisho iliyokuwa imebaki.

Wanaouza nao wasijifiche. Kubandika stika ya miliwati 5 kwa kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipima, kisha kukiuza kama mchezo wa watoto, ni uongo unaolipiwa na macho ya wengine.

Kwa hivyo leza ikianza kufifia, toa betri. Weka za aina ile ile iliyoandikwa ama iweke mbali kabisa. Ukienda kununua ya kijani, uliza kama ina kichujio cha infraredi. Muuzaji akikucheka, rudi na soo mbili yako nyumbani.

Binamu bado amenuna. Anune tu. Ile leza haina betri sasa, na mdogo wake bado anaona vizuri.